Baiskeli Haipandi Mlima Wetu

Mtwara,
18 Agosti, 1974.

Bibi Yustina, mke wangu wa kwanza,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, si nje kwenye ukungu ukiokota kuni zako kabla jua halijatoka. Najua nikikukataza hukatazwi, lakini wajibu wa mume ni kukataza.

Mimi ni mzima. Ile homa ya Juni haijarudi. Bado nakaa Magomeni, chumba cha uani kwa Mama Hadija, ambaye anakusalimu sana ingawa hakujui. Ni mjane, anakaanga vitumbua asubuhi, na mbele ya wateja wake wote ananiita "mwanangu wa bara". Joto limeanza kurudi. Blanketi ulilonipa nimelikunja nikalifanya mto, kwa hiyo usifikiri nimeligawa.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita Bwana Mikaeli, mkuu wetu, alituita makarani wote uani. Petroli imekuwa ya mgao na Landrova za ofisi zimesimama. Mahali pake zimeletwa baiskeli za Kichina, nyeusi, mpya, bado zimefungwa makaratasi kwenye pedali. Unajua kazi yangu ni kuwaandikisha watu waliohamia katika vijiji vipya. Tangu nije hapa nimefanya kazi hiyo nikiwa nimekaa kitini, kwa kunakili walichoandika wengine. Bwana Mikaeli akasema hayo yamekwisha.

"Karani wa vijiji asiyefika vijijini ni karani wa nini? Kabla ya mvua kila mmoja awe amemaliza eneo lake. Wote mnajua kuendesha?"

Wenzangu wakaitika, "Ndiyo, bwana." Nami nikaitika, bibi. Mdomo ulitangulia. Nimemaliza kidato cha nne, naweza kukuandikia ripoti isiyo na kosa, lakini sijawahi hata siku moja kukalia baiskeli.

Muda wangu wa majaribio unaisha mwishoni mwa Novemba. Nikithibitishwa kazini nitapewa likizo, na Krismasi nitakuwa kwako. Nisipothibitishwa nitarudi pia, lakini nitarudi kama mtu aliyefukuzwa, na sitaki macho yako yanione hivyo. Basi mambo yote mawili, kazi na kukuona, yamekaa juu ya magurudumu mawili membamba ambayo hayawezi hata kusimama yenyewe. Nikiyafikiria usingizi unapotea.

Niombee. Msalimie Felista wa ng'ambo ya bonde, na upalilie upande wangu wa kaburi la babu.

Ni mimi mumeo anayekuogopea,
Lukasi.


Upangwa,
6 Septemba, 1974.

Kwa mume wangu mwoga, karani Lukasi,

Milele, amina. Marahaba.

Barua yako aliileta katekista Andrea Jumapili, nami nikaisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kicheko. Mimi sijambo. Miguu inalalamika asubuhi, mchana inanyamaza. Kuku yule mwenye shingo tupu ametotoa. Paa nimeliezeka upya upande wa mashariki. Moshi wa Felista nauona kila alfajiri ng'ambo ya bonde, na nikiuona nasema, haya, leo naye kaamka.

Sasa usilie. Hukujifunza baiskeli kwa sababu baiskeli haipandi mlima wetu. Hilo si kosa lako, ni kosa la mlima. Wewe ulikuwa hujazaliwa alipokuja padri mmoja na baiskeli yake. Alipanda huku ameibeba begani, jasho linamtoka kama anayesaga. Babu yako alisimama njiani akavua kofia, akamwamkia kwa heshima, akauliza: "Baba, kati yenu wawili, nani anamwendesha mwenzake?" Padri alicheka mpaka akaiweka chini. Baadaye aliiacha kwa mwenye duka huko bondeni na hakuifuata tena.

Ulipokuwa mdogo uliogopa kuvuka mto juu ya gogo. Nilikushika mkono? Sikukushika. Nilivuka mimi kwanza nikakaa upande wa pili nikaanza kula kiazi chako. Ulivuka ukilia, lakini ulivuka. Sasa huko Mtwara sipo mimi wala kiazi, basi itabidi ujitafutie sababu.

Huyo Mama Hadija, mbona anakuita mwanangu? Mwambie una mke. Kisha mwambie asante kwa kukutunza.

Hapa kuna mikutano mingi, kwa balozi wa nyumba kumi na kanisani. Ni mambo ya watu wazima. Wewe shughulika na usukani.

Kaburi la babu nimelipalilia juzi, upande wako na wangu. Nilimsomea barua yako. Hakusema kitu, lakini yeye hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kusikiliza.

Mkeo,
Yustina.


Mtwara,
29 Septemba, 1974.

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Wote hapa ni wazima. Mama Hadija amecheka aliposikia kwamba nina mke, akasema hana wivu, ila mke mwenzake aje amsaidie kusaga mchele. Toka mwezi huu uanze, bunduki za ng'ambo ya Ruvuma zimenyamaza, vita ya Wareno imekwisha, na watu wanatembea mjini kama waliotolewa mzigo. Joto limeingia kweli. Jioni hakuna anayekaa ndani.

Nami siko peke yangu katika aibu. Ofisi nyingi zimeletewa baiskeli. Ukienda jioni kwenye lami ya kuelekea bandarini utadhani kuna maandamano ya walevi. Yuko bwana shamba mnene anayepiga kengele mfululizo kwa sababu hajui kusimama. Wako walimu wa kike watatu, mmoja amefunga kanga kiunoni na nyingine chini ya gauni, naye anaenda vizuri kutupita sisi wote. Wapakiaji wa bandarini wakitoka kazini wanakaa ukingoni kututazama kama mpira.

Mwalimu wangu ni Abdallah, tarishi wa ofisi yetu, kijana wa Mikindani. Ananishikilia kwa nyuma, anakimbia, anapiga kelele. Siku ya kwanza nilianguka kabla hajaniachia. Siku ya pili vilevile. Wapakiaji wakapiga makofi: "Karani! Iandikie barua kwanza, pengine itakukubali!"

Siku ya tatu Mama Hadija alikuja kuona. Alisimama mikono kiunoni, akatazama, kisha akaniita.

"Lukasi mwanangu, umedondosha sindano?"

"Hapana, mama."

"Mbona unaitafuta?"

Nikaelewa, bibi, na nikataka kucheka na kulia. Nilikuwa natazama chini. Kila nikikanyaga pedali, macho kwenye tairi. Wewe ndiye uliyenifundisha: tazama unapokanyaga, maana kwetu usipotazama unapokanyaga utaokotwa bondeni. Nimetembea hivyo maisha yangu yote. Hata katika lami iliyonyooka ya Mtwara natembea natazama vidole vyangu. Abdallah anasema ndiyo sababu watu wa ofisi wanadhani nina majivuno, kwamba napita bila kusalimu.

"Hapa hakuna korongo, karani," akasema. "Ukitazama tairi, tairi nalo linakutazama wewe. Nyote wawili hamjui mnakokwenda. Tazama ule mnazi."

Nikatazama mnazi. Nikaenda. Aliniachia bila kuniambia, na nilipogundua kwamba sauti yake iko mbali nilikuwa nimeshapita mnazi wenyewe.

Yaliyofuata si muhimu. Naweza kuendesha sasa, karibu vizuri. Usishangae mwandiko wa leo, kalamu ni mpya na meza inacheza.

Safari yangu ya vijijini imepangwa mwezi wa Novemba mwanzoni, kuelekea mlango wa Ruvuma, mto unapoingia baharini. Wanasema njia ni ya mchanga. Sijalala vizuri tangu nisikie neno hilo mchanga.

Mikutano hiyo ni ya nini? Hukueleza.

Mumeo,
Lukasi.


Upangwa,
27 Oktoba, 1974.

Kwa Lukasi wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na shughuli, na wino ulikuwa haujulikani uko wapi.

Mimi nipo. Chakula kipo. Maji siku hizi nayachota karibu kabisa, hata siweki ndoo kichwani, naikokota tu. Usingizi ndio umepungua kidogo, kwa sababu ya basi linalopiga honi alfajiri, na Felista anakohoa usiku kucha. Nikimgongea ananyamaza kidogo, kisha anaanza tena. Kuku nimewagawa. Walikuwa wengi mno.

Umefanya vizuri kutazama mnazi. Mimi nilikufundisha ya kwetu, wao wamekufundisha ya kwao, na mtu mwenye akili anabeba yote mawili.

Kuhusu kalamu mpya na meza inayocheza: mume wangu, herufi nilikufundisha mimi, juu ya majivu, kwa kidole, kabla hujaiona shule. Mkono wako naujua. Barua ile uliiandika kwa mkono wa kushoto. Sikuulizi wa kulia una nini. Utanieleza ukipona. Paka mafuta ya moto na usiushughulishe.

Na wewe usiniulize mambo mengi. Shughulika na mchanga.

Umesema kazi yako ni kuwafuata hao waliohamishwa na kuwaandika. Ukifika mlangoni kwa mtu, shuka kwenye baiskeli kwanza, halafu ndipo usalimu. Usisalimie mtu ukiwa juu. Wengine watakuwa na uchungu, wataongea vibaya. Si wewe wanayemwambia. Kaa, kunywa maji watakayokupa, uandike majina yao vizuri. Jina likikosewa, mtu anaona kama amepotea mara mbili.

Mungu akulinde.

Mkeo,
Yustina.


Mtwara,
12 Novemba, 1974.

Bibi yangu,

Shikamoo. Mkono umepona. Ni kweli, nilianguka. Nilipopita ule mnazi sikujua kusimama, nikasimamishwa na ukuta wa ghala. Sikutaka ujue. Mama Hadija alinifunga kwa majani na kanga ya zamani, na sasa nakuandikia kwa mkono wa kulia kama unavyoona.

Nimerudi Ijumaa iliyopita kutoka mlango wa Ruvuma. Nitakueleza yote, halafu nitakuuliza jambo, na safari hii nakuomba unijibu.

Nilikwenda peke yangu. Mwanzoni njia ni ngumu na nzuri, inapita katikati ya mikorosho, na mabibo yameiva na kuanguka, harufu yake tamu mpaka kichwa kinauma. Huko nilifurahi, bibi. Nakiri. Kulikuwa na mteremko mdogo, upepo ukaingia kwenye shati, na kwa muda nikasahau kuogopa. Kisha ukaja mchanga, nikashuka, nikasukuma. Nilipanda, nikashuka, nikasukuma. Nilifika kijijini jua likiwa utosini, nyuma ya kijiji mikoko, na shati langu limeganda chumvi.

Nyumba ni mpya, zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, kama wanafunzi. Nilikumbuka maneno yako, nikashuka kabla ya kusalimu. Mzee mmoja anayeitwa Salumu alilitazama jasho langu muda mrefu.

"Wewe ni wa serikali?"

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuandikisha."

"Afadhali. Wewe ni wa kwanza kuja ukitokwa jasho. Wenzako walioshuka garini hawakuwa na hata vumbi, ndiyo maana walituambia ni karibu."

"Kitu gani kiko karibu?"

"Mikorosho yetu. Tulikotolewa. Walisema mtalala hapa, mtakwenda kuokota kule, ni karibu. Una baiskeli. Twende ukaone hiyo karibu yenyewe."

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na nyumba za kuandika. Lakini alikuwa ameshatangulia. Tulikwenda, bibi. Nikipanda yeye alikuwa nyuma, nikisukuma mchangani alikuwa mbele, ananingoja kwa adabu. Asubuhi ya pili ndipo tulipofika, maana jua lilituchwea tukalala kwa ndugu yake njiani. Korosho zimetapakaa chini na nguruwe mwitu wamezichezea. Yeye na wenzake wanaomba jambo dogo: waruhusiwe kujenga vibanda, walale hukohuko mpaka mavuno yaishe. Walishawahi kuomba. Waliambiwa wanataka kutoroka kijiji.

Nguzo za nyumba yake ya zamani bado zimesimama. Kando yake kuna kaburi la mkewe, amelifagia. Alipofika alilisalimia kabla ya kitu kingine, akakaa, akalieleza habari za kijijini. Mimi nikageuka nikajidai natazama matairi.

Niliporudi ofisini nilimweleza Bwana Mikaeli. 

"Nani kakuuliza maoni yako?" akasema.

"Hakuna, bwana."

"Hapa imeandikwa mashamba yapo karibu."

"Niliyeandika ni mimi, bwana. Nilinakili. Sasa nimekwenda kwa baiskeli. Si karibu. Wakilala vibandani korosho zitafika bandarini. Wasipolala zitaliwa na nguruwe."

Akanitazama. "Toka nje," akasema. Nikatoka. Hajaniita tena. Siku za uthibitisho zinakaribia na sijui amekasirika au amesahau. Pengine nimeichoma Krismasi yetu kwa maneno machache, na usiku najiuliza kama ningekaa kimya.

Lakini jambo ninalotaka kukuuliza si hilo. Mzee Salumu alipokuwa akizungumza na kaburi nilikumbuka barua yako ya mwisho. Hukumtaja babu. Toka niondoke nyumbani hujawahi kuniandikia bila kumtaja. Nikaisoma tena hapohapo, ilikuwa mfukoni. Felista anakaa ng'ambo ya bonde. Utamsikiaje akikohoa? Unamgongea kwa fimbo ya urefu gani? Basi gani linapita mlimani kwetu?

Bibi, uko wapi?

Lukasi wako.


Upangwa,
28 Novemba, 1974.

Mume wangu,

Milele, amina. Marahaba mara nyingi.

Kwanza nakula na nalala, ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Niko bondeni, kando ya barabara kubwa. Tulihamishwa mwisho wa Septemba. Ile mikutano ilikuwa hiyo. Nyumba yangu ni ya nane upande wa kulia ukitokea kwenye shule, na ya tisa ni ya Felista, ukuta kwa ukuta, ndiyo maana kikohozi chake ni changu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajifunza kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Nikasema, nikimtikisa sasa, ataanguka, na akianguka hataniona Krismasi. Tena kazi yako ndiyo hiyohiyo. Sikutaka ufike kwenye milango ya watu ukiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Nilitaka ufike na uso wako.

Hawakumpiga mtu. Walikuja mgambo, vijana, wakasema paa linatolewa leo. Lile la mashariki, jipya, ndilo lililoniuma. Mmoja wao alibeba kinu changu kwa kichwa toka juu mpaka chini, naye hataki kunitazama. Alikuwa na shingo nyembamba kama yako. Nilimpa maji. Alikunywa akasema, "Asante, bibi, nami nina bibi." Nikamwambia, basi mwandikie.

Mazuri yapo, sitaki kuyaficha. Maji karibu. Zahanati inajengwa. Felista na mimi tumegombana mara mbili na kupatana mara mbili, na huko mlimani tulikuwa hatuna hata nafasi ya kugombana. Jioni watu wanacheka nje ya milango yao na mimi nacheka nao.

Lakini babu yako amebaki juu. Toka tuhame sijamwona. Miguu yangu inaweza kupanda kile kipande cha mwisho, polepole, kwa fimbo. Haiwezi kwanza kutembea bonde lote kufika chini ya mlima. Nimejaribu mara moja, nikakaa njiani, nikarudishwa na watu. Hilo ndilo lililonizuia kumtaja. Kalamu ilifika kwenye jina lake ikakataa.

Kwa hiyo nakuomba, na ni ombi, si kilio. Bonde ni tambarare. Katekista Andrea ana baiskeli yenye keria imara, anabebea mahindi. Nimeshamwambia mume wangu anakuja. Nipakie nyuma unifikishe chini ya mlima. Hapo tutaiacha kwa mwenye duka, kama yule padri, na tutapanda wawili kwa miguu.

Kuhusu Bwana Mikaeli: hata kama hakukuthibitisha, njoo. Aliyefukuzwa kwa sababu amesema njia ni ndefu, mimi nitamfungulia mlango wote. Mlango wenyewe ni mwembamba siku hizi, lakini nitaufungua wote.

Shuka kwenye basi penye shule. Usipitilize kwenda kwenye njia ya zamani. Hakuna mtu huko juu tena.

Mkeo,
Yustina.


Mtwara,
11 Desemba, 1974.

Bibi mpenzi, mke wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi. Naandika haraka ili hii initangulie, ingawa kwa hali ya barabara ya Tunduru huenda tukasafiri basi moja, mimi na barua yangu.

Nilikasirika nawe kwa usiku mmoja. Asubuhi nilipotoka kuoga hasira haikuwapo, nikaitafuta sikuiona. Mama Hadija aliniuliza mbona macho mekundu, nikamsomea barua yote. Aliposikia habari za kinu aliacha vitumbua vikaungua.

Bwana Mikaeli aliniita Ijumaa. Hakunipa kiti. Alisema ameruhusu vibanda mpaka mavuno yaishe, si zaidi, na kwamba karani hapaswi kuwa na ulimi mrefu kuliko mkuu wake. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba nimethibitishwa kuanzia mwezi huu. Nikauliza likizo. Akasema, "Unaona? Ulimi." Lakini akasaini. Ninaondoka tarehe kumi na sita. Nilipeleka mwenyewe habari za vibanda kwa mzee Salumu, kwa baiskeli, na nikaanguka mara moja tu, mchangani, mahali ambapo kila mtu anaanguka.

Sasa kuhusu keria. Sijawahi kubeba mtu. Jana jioni nilianza na gunia la mihogo na lilinipeleka mtaroni. Mama Hadija akasema mihogo haifundishi kitu, akaweka vitumbua kando, akafunga kanga vizuri, akakaa nyuma yeye mwenyewe. "Mimi mzee," akawaambia majirani waliotoka kutazama, "nani atasema neno? Na huyu ana mke." Tulikwenda. Nilitetemeka mpaka kengele ikawa inalia yenyewe.

Anasema kazi ya aliyekaa nyuma ni moja tu, atulie. Yeye alitulia kama mzigo wa chumvi, na kwa hiyo niliweza. Lakini bibi, mimi nakujua. Wewe hutatulia. Bonde zima unalijua kwa majina. Utageuka kumwamkia huyu, utainama kumuuliza yule habari za mbuzi wake, utainua mkono kuonyesha nyumba ya fulani ilikuwa wapi. Basi nimemwomba Mama Hadija asitulie. Leo jioni kaanza: amegeuka huku na huku, akawasalimu watu wote wa Magomeni mmoja mmoja, akamgombeza muuza samaki, akampungia mikono mwadhini. Baiskeli iliyumba kama mlevi, watu walipiga vigelegele, nami nilitazama mbele.

Tumefika msikitini na kurudi. Kesho tunakwenda tena. Wewe salimu unavyotaka.

Mumeo,
Lukasi.